Kitufe cha Theluji

Gari tulilinunua mkono wa pili, Rotherham,
kwa mwanamke aliyekuwa akihamia Uhispania.
Kando ya gia lina kitufe cha kuzungusha, chenye majina manne
ambayo mume wangu, Makame, aliyatafsiri palepale:
Kubana. Kawaida. Kasi. Theluji.
Akakizungusha kama anayetafuta stesheni ya redio.
"Haya ni magari manne," akasema, "kwa bei ya moja."

Mimi ndiye ninayeliendesha.
Saa kumi na moja alfajiri naanza Walkley,
kisha Crookes, kisha Wincobank,
nawaogesha wazee, nawavalisha soksi,
dakika kumi na tano kila mlango, na kampuni
hainilipi petroli ya kati ya mlango na mlango.
Kwa hiyo niliweka Kubana. Nikaweka na daftari.

Wiki tatu Kubana, wiki tatu Kawaida,
njia zilezile, wazee walewale
(isipokuwa Bwana Tindall, aliyefariki wiki ya pili,
nikapungukiwa maili sita, hesabu ikaharibika).
Tofauti ilitoka: kijiko.
Kijiko cha petroli, labda, cha kukorogea chai.
Makame akalitazama daftari. "Mguu wako huo.
Unakanyaga kama unaua mende."

Jumapili anaendesha yeye. Anaweka Kasi,
tunashika njia ya milimani kuelekea Glossop.
"Unasikia?" ananiuliza. "Unasikia linavyokakamaa?"
Nasikia njaa. Nasikia watoto nyuma wakigombea chaja.
Lakini mabega yamempanda, ana miaka ishirini tena,
na mimi nani nimpokonye?

Januari. Mlima wa Jenkin, umesimama kama ngazi ya msikiti,
barafu juu yake imepigwa msasa na upepo.
Kileleni anakaa Bi Dorothy Wragg, ana kisukari,
hali kitu mpaka nifike.
Gari la mikate limelala ubavu kwenye ukuta wa mtu.
Nikazungusha: Theluji.
Taa ndogo ya buluu ikawaka.
Nikasema bismillahi, nikaushusha mguu kidogo kidogo
kama anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.
Tairi likateleza, likashika. Likateleza. Likashika.
Bi Wragg alikuwa dirishani na kopo lake la biskuti.
"Gari lako hilo!" akasema,
nami nikaligeukia kama jamaa aliyesifiwa harusini.

Machi breki zikaanza kulia. Nikalipeleka kwa Neville, Attercliffe.
Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa kimya
muda mrefu kuliko fundi anavyopaswa kukaa kimya.
"Unajua kitufe hiki hakijaunganishwa na kitu?"
Waya ulikatwa zamani, akasema, labda redio ilipobadilishwa.
Taa ina waya wake. Taa inawaka, basi.

Mwaka na nusu.

Sikumwambia Makame siku hiyo. Wala kesho yake.
Nilikuwa naufikiria ule mlima:
hivi nani alinipandisha?
Hirizi yangu ya utotoni, nilipokuja kuifumua kwa wembe,
ndani mlikuwa na kipande cha gazeti. Bei za karafuu.
Nayo ndiyo iliyonivusha surua.

Neville aliunganisha, pauni thelathini na tano.
Nikaijaribu Kasi peke yangu, barabara ya mzunguko:
gari liliruka kama limechomwa sindano,
usukani ukawa mzito, roho ikanidondokea magotini.
Kumbe kweli. Kweli kabisa, na sikuipenda.
Theluji nayo inaibana injini, gari linaondoka kwa gia ya pili,
linatambaa vilevile lilivyotambaa
mguu wangu ulipokuwa hauna msaidizi.

Jumapili Makame akakizungusha.
Gari likafyatuka. Akautoa mguu, akaushika usukani mikono miwili,
akanyamaza mpaka tulipoziona taa za Glossop.
"Neville amelifanya nini gari langu?"
"Breki," nikasema.
Akakirudisha Kawaida, taratibu,
kama mtu anayefunika chungu kisichokuwa chake.